Waulizeni wazee wa Vita vya Kagera wangali hai

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Kila ikifika Julai 25, Siku ya Mashujaa, magazetini picha ni zile zile, mashada, ngao na mkuki, alafu kesho yake kimya mpaka mwaka mwingine. Mimi nakaa Muleba, Kaboya kwetu ni jirani, yale makaburi ya wanajeshi zaidi ya 600 waliokufa kwenye vita na Idi Amin nayajua tangu mdogo maana baba alikuwa ananipeleka, na yeye hasubiri siku ya sherehe, anaenda siku yoyote moyo ukimtuma, anapita mstari kwa mstari na rozari mkononi anasoma majina taratibu.

Baba hakuwa askari wa kuajiriwa, alikuwa mgambo. Mwaka 1978 Amin alipovamia na daraja la Kyaka likalipuliwa alikuwa na miaka 22, ana mke na mtoto mchanga, ndo kaka yetu mkubwa huyo, akaaga akaondoka. Akapangiwa Brigedi ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa mgambo, wakulima wenzake tu. Machi 1979 pale Lukaya, kwenye barabara ya kwenda Kampala, wakakutana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin, makombora yakaanza, wakatawanyika kwenye kinamasi gizani. Stori yake huwa inaishia hapo. Anasema tu kwamba usiku ule aliishika rozari mpaka ikakatika, punje moja ikapotelea kwenye mafunjo, na rafiki yake waliyekuwa wamelala pamoja hakuamka.

Kampala ilipoanguka Aprili 11 mama alisikia kwa redio ya jirani, lakini redio haimtaji mume wa mtu, ikabidi asubiri tu na mtoto mgongoni na shamba la migomba linamngoja. Baba aliporudi mama akachukua punje ya kahawa, akaitoboa kwa sindano, akaifunga pale ilipopotea ile ya rozari. Mpaka leo ipo, imekuwa nyeusi inang'aa kwa kushikwashikwa.

Sasa kuna mwandishi aliwahi kuja nyumbani, swali lake la kwanza akamuuliza mzee aliua wangapi. Baba akanyamaza, akamkaribisha chai. Iliniuma sana kwa kweli, maana kuna mambo chungu nzima ya kumuuliza huyu mzee. Amesomesha watoto sita kwa kahawa. Ni katekista wa kigango chetu miaka na miaka, ndo anayekwenda kwa wagonjwa usiku kwa mguu. Na kila Jumamosi jioni anapanga viatu vya nyumba nzima mstari mmoja barazani anavipiga kiwi, tulipokuwa wadogo vyetu na sasa vya wajukuu, hataki mtu amsaidie, mikono inatetemeka lakini kisigino hakirukwi.

Ombi langu Mhariri, tumeni watu vijijini wakae na wazee hawa na wake zao pia, waandike, msisubiri Julai. Wengi wameshaondoka. Kwetu mkija njooni mchana siku za kazi, Jumapili asubuhi yuko kanisani hatoki mpaka wa mwisho aondoke, na muulizeni kwanza kuhusu hiyo punje ya kahawa.

Mtoto wa mgambo,
Muleba, Kagera