Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama Waanika Dagaa, Mwalo wa Kibirizi, Kigoma: Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kazi tatu zilingojea mfuko mmoja: chanja (vichanja vya wavu vya kuanikia dagaa), paa la ghala na mizani. Kilichotukwamisha zaidi ni kwamba kwetu sisi muda na fedha havikutani. Siku za giza, mwezi usipoonekana usiku, dagaa wanapatikana na michango inalipwa, lakini hapatikani mtu wa kushika nyundo, maana dagaa wa alfajiri wakicheleweshwa kutandazwa wanalegea na kupasuka matumbo. Ziwa lilipofungwa 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, watu walikuwepo tele, fedha hakuna. Na Juni ndiyo kamati ilipanga mchango wa chanja ukusanywe. Lilikuwa kosa letu, nami nalibeba.

Matokeo yake vifaa vilinunuliwa kwa vipande, tena kinyumenyume: wavu kwanza, nguzo baadaye. Wavu ukakaa ghalani, panya wakautoboa. Mvua za Oktoba zilikuta chanja nne tu zimesimama, badala ya kumi. Waliobaki kuanika chini wanajua dagaa wenye mchanga huuzwaje.

Chanja hizo zina upana wa mita 1.2, ili anayegeuza dagaa afikie katikati kutoka kila upande, na kimo cha mita 1. Nguzo zimefukiwa sentimita 60, ncha zikachomwa na kupakwa oili chafu kuzuia mchwa. Fito zimepangwa kila sentimita 50. Chanja moja tulibana matumizi tukaweka fito kila mita: wavu umebonyea, dagaa wanarundikana katikati na wa chini hawakauki. Hiyo irekebishwe kabla ya kujenga mpya.

Kwa 2025 kamati inapendekeza michango ikatwe kidogo kidogo kwa kila ndoo, kuanzia sasa hadi Aprili. Nguzo na fito zinunuliwe kwanza, wavu mwisho, ujenzi uanze mvua zikikatika. Vikao na matengenezo madogo viwe wakati wa mbalamwezi tu, dagaa wanapoadimika. Mwezi utapevuka 12 Februari, 14 Machi na 13 Aprili. Paa lifuate chanja.

Mizani tuendelee kukodi. Najua wengi mnaitaka, na makato ya mizani ya kukodi yanauma. Lakini mizani hununulika siku yoyote. Chanja ikikosa kiangazi, imekosa mwaka mzima.

Kura itapigwa kwenye kikao cha 14 Januari. Kila mmoja aje na kadi yake ya michango.

Mwenyekiti