Ushauri wa fedha usioitaja serikali haujakamilika

Mhariri,

Safu zenu za ushauri wa fedha na kazi nazisoma kila zinapotoka, na sina ugomvi na mengi yanayosemwa humo. Andika matumizi yako. Maliza kwanza deni lenye riba kubwa. Chagua fani yenye soko. Ninacholalamikia ni kwamba anayezisoma anaweza kudhani anaishi katika nchi isiyo na serikali. Bajeti, kodi na Benki Kuu ni habari za wanasiasa. Sisi wengine tunafundishwa kujinyima.

Nianze na akiba, maana ndiyo inayohubiriwa zaidi. Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli, ila mfumuko wa bei ukiwa 9% kwa mwaka kibaba chenyewe kinavuja. Aliyefungia laki moja kabatini, baada ya miaka 8 ataikuta laki yake kamili, lakini itanunua nusu tu ya ilivyokuwa ikinunua. Aliyeiweka benki kwa riba ya 6% naye anapoteza, polepole tu. Mfumuko una vyanzo vingi, ukame na bei ya mafuta vikiwemo, lakini kazi ya kuudhibiti ina mwenyewe. New Zealand iliipa Benki Kuu yake jukumu hilo kwa sheria ya mwaka 1989, likawekwa lengo la wazi la mfumuko wa bei, na nchi nyingi zikafuata. Msomaji anayejua lengo la nchi yake ni asilimia ngapi ana kipimo cha kupimia riba anayopewa. Asiyejua anaishangilia hiyo 6%.

Kwenye mikopo ndiko kunakouma. Chukua mkopo wa nyumba wa miaka 20, wenye riba inayobadilika. Kwa kila 100,000 uliyokopa, riba ikiwa 8% unarejesha takriban 836 kwa mwezi. Ikipanda hadi 12% unarejesha takriban 1,101. Hujaongeza chumba, hujafuja chochote, na rejesho limepanda kwa karibu theluthi moja. Marekani waliyaona haya. Kuanzia 1979, Benki Kuu yao chini ya Paul Volcker ilibana fedha ili kuuvunja mfumuko wa bei. Ilifaulu, lakini Oktoba 1981 riba ya mikopo ya nyumba ilikuwa imepita 18%, nyumba zikakosa wanunuzi, na wajenzi kwa hasira wakawa wanaitumia Benki Kuu vipande vya mbao kwa posta. Kufikia mwishoni mwa 1982, ukosefu wa ajira ulikuwa 10.8%. Seremala aliyepoteza kazi wakati huo alikuwa amechagua fani yenye soko, kama alivyoshauriwa.

Na ushauri wa kazi wenyewe je? "Soma ualimu, soma uuguzi, kazi hazikosekani." Hazikosekani mradi serikali inaajiri. Katika nchi nyingi mwajiri mkuu wa walimu ni serikali, na nafasi zinatokana na fedha iliyotengwa, si na wingi wa watoto darasani. Ndiyo maana nchi moja inaweza kuwa na madarasa yasiyo na walimu na walimu wasio na madarasa kwa wakati mmoja. Hata mhandisi wa barabara aliyeajiriwa na kampuni binafsi anakula zabuni za serikali. Mkandarasi akicheleweshewa malipo, wa kwanza kupunguzwa ni kijana wa mkataba wa muda. Anayechagua kozi leo ataingia sokoni baada ya miaka mitatu au minne, na kuingia vibaya kuna gharama: watafiti waliofuatilia wahitimu wa vyuo Kanada walikuta waliomaliza wakati uchumi umedorora walibaki nyuma kimapato kwa takriban miaka 10.

Jambo jingine, ambalo kwa maoni yangu lingefaa makala nzima, ni serikali kukopa ndani. Benki inayoweza kuikopesha serikali kwa riba nono, bila hofu kubwa ya kutolipwa, haina sababu ya kuhangaika na fundi mwenye vyerehani vinne. Fundi anaambiwa hana dhamana ya kutosha, anaondoka akijilaumu, wala hakuna wa kumweleza nani kamtangulia kwenye foleni.

Nitajibiwa kwamba huku ni kutafuta wa kumlaumu. Wapo wa namna hiyo, sikatai. Aliyekopa kwa ajili ya sherehe asimsingizie gavana wa Benki Kuu. Lakini kujua riba inaelekea wapi kabla ya kutia saini mkataba si kulaumu.

Ombi langu ni dogo. Benki Kuu ikitangaza riba, msiishie kumnukuu gavana. Wekeni jedwali kuonyesha rejesho la mkopo linabadilikaje. Siku ya bajeti, mkishamaliza bei ya bia na sigara (najua lazima muanzie hapo), tuambieni ni ajira ngapi zimetengewa fedha, za fani zipi, na serikali inapanga kukopa kiasi gani kwa mabenki ya ndani. Tarakimu hizo hutafutwa kwenye majedwali ya bajeti, na wazazi wenye watoto wanaojaza fomu za vyuo hawana muda wa kuyapekua.

Msomaji wenu wa siku nyingi