Korneti ya vijana wa Nansio

Mwalimu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Habari za Nansio na za nyumbani? Sisi huku Kirumba tu wazima, namshukuru Mungu.

Nimefurahi mno kusikia vijana wamechanga wenyewe hela ya korneti, ile ndugu ya tarumbeta. Hela ya kijana anayeuza dagaa si ya kuchezea, kwa hiyo nakuomba usimlipe mtu yeyote kabla hatujaonana.

Umeuliza kama tarumbeta haitoshi, maana mjini zinapatikana kirahisi. Kwa matarumbeta ya harusi inatosha kabisa. Kwa bendi ya ala za shaba unayoijenga, hapana. Urefu wa bomba ni karibu uleule, lakini la korneti linapanuka taratibu kwa sehemu kubwa zaidi, na kidomo chake, kile kipande cha kupulizia, ni kirefu kwa ndani. Ndiyo maana sauti yake hutoka nene na laini, ikakubali kukaa na za wenzake. Bendi kamili ya mtindo wa Kiingereza ina korneti kumi: tisa za B-flati na moja ndogo ya E-flati. Hebu fikiria tarumbeta kumi ndani ya kanisa lenu lenye paa la bati! Tena muuzaji asikupe kidomo cha tarumbeta. Shina lake ni nene, haliingii mpaka mwisho, na noti zote zinakosa mahali pake.

Ile mpya uliyoiona dukani huku Mwanza nimeenda kuishika mwenyewe. Inang'aa kweli, na haina jina la kiwanda popote. Nilitia mafuta kwenye pistoni, zile tatu za kubonyeza kwa vidole, nikazibonyeza moja moja. Ya pili ilikuwa inarudi juu kwa kusitasita, inakwama katikati, kisha inapanda. Kitu kipya kikianza hivyo, baada ya mwaka mmoja kitakuwa cha kutundika ukutani. Mwalimu, hiyo iache.

Moyo wangu uko kwa ile korneti ya zamani ya mzee wa huko kwenu, Besson ya Kiingereza. Bonde, yaani pale ilipobonyea kwenye mdomo mpana wa kutokea sauti, lisikutishe, halidhuru sauti kiasi cha kuonekana. Lakini msiipeleke kwa fundi wa rejeta ainyooshe kwa moto, tafadhali sana. Kagua bomba la kwanza linalopokea kidomo. Ukiona madoa mekundu yanayotokea ndani ya shaba yenyewe, jua mate yameshakula zinki, na hapo bomba linakaribia kutoboka. Kisha angalia nyumba za pistoni: zikiwa na bonde hata dogo, usinunue.

Kupima kama hewa inavuja ni rahisi. Usibonyeze kitu. Vuta nje kidogo mrija wa pistoni ya kwanza, kile kipande cha bomba kinachoteleza, subiri kidogo, halafu bonyeza pistoni hiyo. Ikilia "pu!" inabana vizuri, ikinyamaza, imelika. Fanya hivyo kwa zote tatu. Mrija wa tatu, ule wenye pete ya kidole, lazima uteleze wenyewe bila kulazimishwa, kwa sababu noti za chini zinazobonyezwa ya kwanza na ya tatu pamoja hupanda juu kuliko inavyotakiwa, na mpigaji huzishusha kwa kuusukuma mrija huo nje.

Hofu yangu kubwa ni nyingine. Bendi za Uingereza, pamoja na za Jeshi la Wokovu, zilitumia mpando wa juu, yaani noti zote zilitengenezwa juu kidogo kuliko za leo, mpaka miaka ya 1960: noti yao ya A ilikuwa na mitetemo kama 452.5 kwa sekunde, wakati kinanda chenu kina 440. Tofauti hiyo ni karibu nusu ya nusutoni. Korneti ya namna hiyo inaweza kuwa nzima kabisa, pistoni safi, sauti tamu, na bado ikagombana na kwaya kila Jumapili. Ukivuta mrija wa kutyuni nje sana, noti moja inakaa na nyingine zinapotoka. Kama ya mzee ni ya mpando huo, tumwamkie, tumshukuru, tuondoke. Tutatafuta Yamaha YCR-2330 iliyotumika. Ni ya wanafunzi, lakini ni ya kweli.

Jumamosi nitapanda meli ya asubuhi kuja kwenu, na kidomo changu nitakuja nacho. Mwombe mzee ailete korneti kanisani badala ya sisi kwenda kwake, maana kinanda kiko hapo. Nikipuliza C bila kubonyeza pistoni, kinanda kipige B-flati, maana C ya korneti ni sawa na B-flati ya kinanda, tusikilize. Na mwambie kijana wa kinanda arudishe transpozi, ile ya kupandisha au kushusha noti zote za kinanda, iwe sifuri kabla sijafika, kwa sababu mara ya mwisho nilikikuta kimepandishwa toni nzima kwa ajili ya pambio.

Msalimie mama na watoto.

Rafiki yako wa Kirumba