Kabla ya eksozi, angalieni kutu

Mhariri,

Assalaam alaikum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua nizungumze na wenzangu tunaopenda hizi gari za spoti za zamani za Toyota, Altezza, Chaser, Celica, Verossa na ndugu zake, mana naona mazungumzo yote siku hizi yamekuwa juu ya makelele tu. Wazee barazani wanalaumu eksozi, yani bomba za moshi zinazonguruma, vijana wanajibu kuwa wanaonewa, trafiki wanasimamisha, na wakati huo huo gari zenyewe zinaoza na hakuna anaelisema hilo. Kisiwani kwetu gari hizi zinauliwa na chumvi, na zile pesa tunazozitia kwenye rimu na eksozi zingeanzia kwenye bodi na breki tungekaa nazo miaka mingi sana.

Nachukulia mfano wa Altezza kwa sababu ndo ninayo na ndo ninayoijua. Toyota waliitoa mwaka 1998, ikapata tuzo ya Gari Bora ya Mwaka ya Japani ya 1998-1999, na 2005 wakaacha kuitengeneza, kwa hiyo ile changa kabisa utakayoikuta Unguja au Pemba ishatimiza miaka 20. Yangu ni ile ya injini ya 3S-GE, lita 2, silinda nne, gia sita za mkono, inasukumwa na tairi za nyuma, na ilipotoka kiwandani ilipewa nguvu za farasi 210 bila ya turbo. Hata zile taa zake za nyuma za kioo cheupe ziliigwa dunia nzima mpaka watu wakaziita taa za Altezza hata zikiwa kwenye gari nyengine kabisa. Gari kama hii haitotengenezwa tena jamani, zilizopo ndo hizo hizo, na kila moja inayokatwa ikauzwa chuma chakavu imeshakwenda.

Sasa tatizo letu. Upepo wa bahari unabeba chumvi, anaekaa Jambiani au Paje anaijua vizuri zaidi kuliko mie wa Fuoni lakini hata huku inatufika, na chumvi ikishatua kwenye bati haikauki ikaisha, inavuta unyevu wa hewani usiku kucha na bati linabaki limerowa hata kama mvua hakuna. Halafu sie wenyewe tunaongeza, gari inateremshwa ufukweni maji yakitoka ipigwe picha kwenye mchanga, ikirudi inaoshwa juu tu ing'are, na maji yenyewe ya kuoshea ni ya kisima chenye chumvi! Kama umeshaipeleka pwani basi siku ile ile tafuta maji matamu na uimwagie chini, kwenye madigadi kwa ndani, nyuma ya rimu, kwenye mikono ya springi, juu ndo umalizie.

Na kutu haianzii pale unapoiona. Inaanzia ndani. Chini ya milango na kwenye mbavu za gari, zile boriti za bati zinazopita chini ya milango, kiwandani waliacha matundu madogo ya kutolea maji, vumbi letu likichanganyika na majani ya mwembe yanaziba, maji ya masika yanaingia juu kwenye mpira wa kioo yanakosa pa kutokea, yanakaa humo. Chukua waya mwembamba uyazibue, kazi ya nusu saa na haina gharama, na siku utakapoyazibua utashangaa maji yatakayotoka hata kama mvua haijanyesha wiki nzima.

Ukitaka kununua gari ya zamani usitazame rangi. Tia kisumaku kidogo mfukoni, kile cha kubandika kwenye friji kinatosha, ukivishe kitambaa laini kisikwaruze, kisha kipitishe pole pole kwenye madigadi ya nyuma na chini ya milango. Penye bati kitanasa, penye puti nene, ile lami ya kuzibia mashimo kabla ya rangi, kitaanguka. Yangu siku naenda kuitizama ilikuwa imetoka gereji moja (haina haja ya kuitaja) rangi inameremeta unajiona uso, kisumaku kikaanguka ubavu wa kushoto kuanzia chini ya mlango wa nyuma mpaka karibu na tairi. Nikapunguziwa bei. Tulipokuja kuifungua pale na fundi wangu tukakuta ndani ya ubavu mmesokomezwa matambara na wavu wa waya, juu yake puti unene wa kidole, juu yake rangi, na bati lenyewe la Toyota limebaki unga mwekundu ambao ulimwagika chini tulipogonga. Na ule ubavu ndo unaobeba gari, ukigongwa pembeni hapo ndo panapokukinga weye na uliompakia. Mtu anafanya kazi kama ile akijua fika kuwa mwengine atapanda na watoto, mie inanikera mpaka leo.

Kuitengeneza sawasawa hakuna njia ya mkato. Unakata mpaka ufike kwenye bati safi linalong'aa, unachomelea bati jipya, unapiga praima ya zinki, yani rangi ya chini ya kuzuia kutu, unaziba maungio kwa sila, ile gundi ya mpira isiyopitisha maji, ndo rangi, na ndani ya ubavu unapulizia nta au grisi nyepesi ile ya kuzuia kutu. Mafundi wetu wa bati wanaiweza kazi hii na wanaiweza vizuri, lakini wateja wanataka gari itoke Ijumaa kabla ya harusi ya Jumamosi, basi fundi anapaka puti.

Maji ya rejeta. Hichi ni kitu ambacho nimeshabishana nacho na watu wengi, eti kulanti, ile dawa ya rangi inayotiwa kwenye rejeta, ni ya nchi za baridi sie hatuna barafu kwa hiyo maji ya bomba yanatosha. Si kweli. Kulanti inazuia kutu ndani ya injini na inafanya maji yachelewe kuchemka, vitu viwili ambavyo sie wa nchi ya joto tunavihitaji zaidi. 3S-GE bloku yake ni ya chuma na hedi yake ni ya aluminiamu, tia maji ya kisima chenye chumvi humo uone, aluminiamu inaliwa vidogo vidogo, rejeta inaziba, siku moja kwenye foleni ya Darajani mshale wa joto unapanda na gasketi ya hedi, ile inayoziba baina ya bloku na hedi, imekwenda. Tumia kulanti nyekundu ya Toyota, kama unachanganya basi changanya na yale maji safi yanayouzwa ya betri, na usichanganye rangi mbili za kulanti.

Fluidi ya breki nayo inanyonya unyevu, tena hewa yetu ilivyo nzito. DOT 3, daraja ya fluidi inayoandikwa kwenye chupa, ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya digrii 205, ikishanyonya maji inaruhusiwa kushuka mpaka 140, na ikichemka pedeli inazama mpaka chini na gari haisimami. Mtu anatoka Nungwi usiku na gari ya farasi 210 na fluidi nyeusi kama kahawa ya barazani iliyotiwa na mwenye gari wa zamani huko Japani, kisha anajisifu kwa eksozi. Ibadilishwe kila miaka miwili, na pale pale kalipa, zile zinazobana pedi za breki, zifunguliwe pini zake zisafishwe zipakwe grisi ya breki, mana kwetu zinaganda. Boljointi za chini za mbele pia, zile fundo zinazounga mikono ya springi na tairi, kwenye Altezza hizo zinajulikana kuchoka, ukisikia goto goto kwenye matuta usiongeze sauti ya redio, nenda kaziangalie.

Tairi. Ubavuni pameandikwa DOT (hii si ile ya fluidi) na mwisho wake tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi zilizotumika zinazokuja kwa kontena zina meno mazuri lakini mpira umeshakuwa mkavu, soma tarakimu kabla hujatoa pesa.

Halafu springi, na hapa nawaomba vijana wanisikilize hata kama hamtonipenda. Kukata springi kwa grainda ili gari ikae chini ni kuiua. Springi ukiipunguza mizunguko inazidi kuwa ngumu, shokapu hazikutengenezwa kwa ugumu ule zinapasuka mapema, na ile ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikombe chake, ukiruka tuta tairi ikaning'inia springi inaweza kuhama mahala pake ukiwa kwenye mwendo. Altezza kila tairi, mbele na nyuma, imeshikwa na wishiboni mbili, yani mikono miwili mmoja juu na mmoja chini, mpangilio ambao waliutaka makusudi ili tairi ikae sawa barabarani wakati wa kukata kona, sasa wewe unaukata kwa grainda kwa ajili ya picha! Anaetaka gari ishuke anunue springi fupi zilizotengenezwa kwa gari ile pamoja na shokapu zake, afunge bushi mpya, apige alaimenti, na kama pesa haijatosha asubiri, urefu wa kiwandani hauna aibu yoyote.

Kuhusu makelele sina mengi. Wenye nyumba za Michenzani na Kikwajuni wana haki ya kulala na wagonjwa wana haki ya kupumzika, eksozi yenye sailensa inatoa sauti nzuri tu na haipunguzii mtu raha, na mbio za barabarani mie siziungi mkono hata kidogo, barabara zetu zina watoto wa skuli, baiskeli na ng'ombe.

Ninachoomba kwa wanaohusika ni hichi. Tunavyo vituo vya mafunzo ya amali, Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji kule Pemba. Tuwekewe siku moja moja za mapumziko wenye gari za zamani tupeleke gari zetu, zipandishwe juu, wanafunzi wakiwa na walimu wao wazikague chini, wajifunze kukata kutu ya kweli na kuchomelea kwenye gari ya kweli, na sie tununue bati, praima, fluidi na kila kitakachohitajika. Gari itakayokutwa na kasoro ya breki au boljointi mwenyewe aandikiwe karatasi aijue. Nimeshazungumza na wenzangu kadhaa wenye Altezza na Chaser, wote wamekubali kuchangia vifaa, na ubavu wa kulia wa gari yangu bado haujafunguliwa, kwa hiyo walimu wakikubali hata mwezi ujao mie nitaileta ya mwanzo.

Wasalaam,
Mpenda gari za zamani,
Fuoni, Unguja