Mkanda Haupimwi na Bodaboda

Ndugu Mhariri,

Mimi si mtu wa kuandika barua magazetini. Hata mlipokosea jina la marehemu kaka yangu kwenye tangazo la arobaini nilinyamaza, nikasema ni mambo ya kibinadamu. Lakini ile habari yenu ya Jumapili, ya mtoto wa miaka 8 "aliyeweka historia" kwa kufunga mkanda mweusi wa karate baada ya mwaka mmoja na nusu, imenishinda.

Tuanze na picha. Mtoto kavaa nguo ya taekwondo, ile yenye kola ya V inayovaliwa kwa kuingizwa kichwani, na chini yake mmeandika karate. Taekwondo ni ya Korea, karate ni ya Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani. Mngempigia simu mwalimu yeyote wa upande wowote angewaeleza bure, tena angewachosha. Halafu mnasema mtoto "anaandaliwa kwa Olimpiki ya Los Angeles 2028". Kwa mchezo upi? Karate iliingia Olimpiki mara moja tu, Tokyo, ile michezo ya 2020 iliyochezwa 2021. Ryo Kiyuna wa Okinawa akachukua dhahabu ya wanaume ya kata, ile mipigo iliyopangwa ambayo mtu huicheza peke yake, kisha karate ikatolewa. Paris 2024 haikuwepo, Los Angeles haimo. Kriketi imo. Skwoshi imo. Labda mtoto aende na ile nguo aliyovaa kwenye picha, maana taekwondo imo.

Hayo ningeyameza. Kilichonikaa kooni ni pale mlipoandika kwamba rangi za mikanda ni "mila ya kale ya samurai". Samurai gani? Mkanda mweusi ulianzia kwenye judo. Jigoro Kano, mwalimu aliyefungua Kodokan mwaka 1882, ndiye aliyeweka dan, yaani madaraja ya juu, na wanafunzi wake wa juu wakaanza kufunga mkanda mweusi katika miaka hiyo hiyo ya 1880. Kule Okinawa watu walifanya mazoezi usiku, uani kwa mwalimu, wamevaa walichonacho, na rangi haikuwa habari ya mtu. Gichin Funakoshi, mwalimu wa karate wa Okinawa, alihamia Tokyo 1922, akaazima mpango wa Kano, na mikanda myeusi ya kwanza ya karate akaitoa Aprili 1924 kwa watu saba. Enzi hizo redio ilishakuwapo, Mhariri. Na hizi njano, chungwa na kijani zilishamiri Ulaya, Mikonosuke Kawaishi alipokuwa akifundisha judo Paris miaka ya 1930 na kuona wanafunzi wanahitaji kitu cha kuwatia moyo njiani. Sioni ubaya. Mtoto akipewa mkanda wa njano hufurahi, na mtoto aliyefurahi hurudi Jumanne. Samurai muwaache wapumzike.

Sisi tuliojifunza hapa Dar es Salaam miaka ya themanini, kitambaa kikiwa kitu cha foleni, tulishonewa gi, nguo za mazoezi, za magunia ya unga wa ngano. Ukigeuka, jina la kiwanda linasomeka mgongoni. Sakafu saruji, miguu mitupu, pushapu tunapiga kwa konzi. Mwalimu alituweka kwenye Heian ya kwanza, kata ya mwanzo kabisa, mpaka tukaichukia. Tukazoea. Kisha, polepole, tukaanza kuona kwamba kile tulichodhani ni kukinga ngumi kinaweza pia kuwa kumkamata mtu kifundo cha mkono na kumvuta akose mizani. Hapo ndipo akatupa ya pili. Shotokan, mtindo wa karate wa Funakoshi, kabla ya mkanda mweusi inakudai kata za Heian zote tano, Tekki ya kwanza, na moja katika zile ndefu, kwa kawaida Bassai. Funakoshi mwenyewe, chini ya mwalimu wake Itosu, alimaliza miaka kumi kwenye kata tatu za Tekki. Chojun Miyagi, mwasisi wa Goju-ryu, mtindo mwingine wa karate, alifariki 1953 bila kumtunuku mwanafunzi wake yeyote dan. Huyo angefungua klabu hapa mjini leo, wazazi wangehamisha watoto ndani ya miezi miwili.

Sasa niwaambie yaliyotokea nyumbani kwangu. Mjukuu wangu anafanya karate kwenye klabu moja hapa mjini. Jina silitaji, kwa sababu mama yake ameniomba nisilitaje. Mtihani wa mikanda ulitangazwa kwenye kundi la wazazi: ada ya mtihani, ada ya cheti, bei ya mkanda, na "mchango wa mgeni rasmi". Mama yake akalipa vyote kwa simu. Siku yenyewe ilipofika mtoto alikuwa hoi kitandani, malaria imemlaza, hata uji haukai tumboni. Hakwenda. Jumatatu jioni nasikia honi getini, kijana wa bodaboda: "Shikamoo babu, mzigo wenu." Bahasha ya kaki. Ndani yake mkanda wa rangi ya chungwa ungali kwenye nailoni, cheti chenye mhuri wa dhahabu, na karatasi ya alama. Kihon, yaani mapigo ya msingi: vizuri sana. Kata: vizuri sana. Kumite, yaani kupigana na mwenzako: vizuri. Mahudhurio: bora. Nikabaki najiuliza huyo aliyepigana naye kumite siku ile alikuwa nani, maana mpinzani ninayemjua mimi ni mbu. Nikampigia mwalimu wake, kijana mwenye adabu zake, simnyimi hilo. "Shikamoo mzee wangu." Marahaba. Nikamweleza kwamba mtoto hakufika. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini ada ililipwa, mzee." Nikamwambia najua ililipwa, ninachouliza ni nani aliyempima. Akasema mtoto tunamfahamu, ni mzuri, na tukimwacha nyuma wenzake watamcheka, atalia, mama atamtoa. Nikamuuliza, na angekuwa amesafiri je? Akacheka, akadhani natania. Halafu akanipa lile lililonipandisha presha: "Mambo yamebadilika, mzee. Watoto wa siku hizi hawapendi kusubiri." Watoto! Mtoto yuko chumbani na homa, hajui hata kwamba kuna cheti. Ni nani hapo asiyependa kusubiri? Alipopata nafuu akaufunga ule mkanda juu ya nguo za kulalia, akazunguka nao nyumba nzima, akaja mpaka kwenye kiti changu na kuniomba nimfundishe ile kata ambayo cheti kinasema anaijua vizuri sana.

Nimemfundisha, ndiyo. Goti langu moja halikunji vizuri, lakini nimemfundisha.

Na msidhani sioni tabu za yule kijana. Ukumbi wa shule tuliofanyia mazoezi sisi, kwa ridhaa ya mwalimu mkuu na sharti la kuufagia, siku hizi unakodishwa kwa sendofu na kicheni pati. Jumamosi watoto wamejipanga mstari, wanaingia wapambaji na vitambaa vyao, MC anajaribu maiki, "moja mbili, moja mbili", watoto wanatolewa wakaendelee kwenye maegesho ya magari. Mwenye shughuli hulipa zaidi kwa usiku mmoja kuliko klabu inavyolipa kwa mwezi, kwa hiyo mwalimu lazima ajaze watoto, na watoto hawajazwi kwa kuambiwa warudie Heian ya kwanza. Na hizo spika! Mtaani kwangu muziki unapigwa hadi saa nane za usiku, sufuria zinatikisika jikoni, na ukilalamika unaambiwa una roho mbaya, huwatakii maharusi heri. Ukienda serikali ya mtaa unamkuta mwenyekiti kavaa sare ya kamati ya maandalizi. Hilo nalo mnaweza kuliandika siku mkichoka kuandika historia zinazowekwa na watoto wa miaka 8.

Cheti cha namna hiyo hakiishii ukutani, na hapa sifanyi mzaha. Kijana wa jirani yangu alikwenda kuomba kazi ya ulinzi, akaulizwa kama ana cheti cha karate au judo. Hakuwa nacho. Baada ya wiki chache alikuwa nacho. Sasa analinda bohari usiku, na kirungu, na imani. Hajawahi kupigwa ngumi ya tumbo na mtu aliyekusudia kumpiga, hajui pumzi inavyokatika wala jinsi miguu inavyokataa kusogea, na wenye mapanga wakija hawataomba kuona mhuri wa dhahabu. Mtu huyu angeambiwa ukweli, kwamba hajui kitu, angepiga filimbi na kukimbia, akarudi kwa watoto wake asubuhi.

Nina pendekezo, na halihitaji bajeti. Kabla hamjachapisha bingwa mwingine, mtumeni mwandishi akiwa na glasi mbili za maji na karatasi ya msimamo wa Ligi Kuu. Bingwa akae kiba-dachi: miguu mipana, vidole vimeelekea mbele, magoti yamesukumwa nje, mapaja yamelala, mgongo wima, na kila paja liwekewe glasi yake. Mwandishi asome msimamo wote, timu 16, michezo, ushindi, sare, vipigo, magoli ya kufunga na ya kufungwa, pointi, polepole, kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Watoto wa chini ya miaka 10 wasomewe timu nane. Walimu wao wasomewe Ligi Kuu, na wakitoka hapo wasomewe na Ligi ya Championship. Glasi zikibaki zimesimama, mpigeni picha, mpeni ukurasa mzima, nami nitanunua nakala za ukoo wote. Maji yakimwagika hata Simba na Yanga hawajasomwa, msimuulize maswali mengi. Muulizeni tu alilipa kwa namba ipi.

Msomaji wenu,
Magomeni, Dar es Salaam