Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Picha za Ubongo kwa Waliopoteza Maneno

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kwa heshima kuhusu afasia, hali ya kupotewa na lugha ambayo humpata takribani mgonjwa 1 kati ya 3 wa kiharusi. Baba yangu, mwalimu mstaafu, ni mmoja wao. Kwa miezi mitatu kila alichotaka kusema kilitoka "hapana", hata alipoomba maji, na majirani wakadhani akili imemruka ilhali alikuwa akituelewa. Maamkizi ya Kisambaa, lugha ya utoto wake, yalirudi kabla ya Kiswahili alichokifundisha maisha yake yote. Daktari hakuweza kunieleza sababu, nami simlaumu.

Mwaka 1861, daktari Paul Broca wa Paris alilijua jeraha la mgonjwa aliyebaki na neno "tan" pekee baada tu ya mgonjwa huyo kufariki na ubongo wake kufunguliwa. Leo kipimo cha MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku, huonesha sehemu za ubongo zinazoongezewa damu wakati mgonjwa, akiwa hai, anasikiliza sentensi. Huko Freiburg, Ujerumani, watafiti waliwafuatilia hivyo wagonjwa 14 na kuchapisha matokeo mwaka 2006: siku za mwanzo, hata sehemu za lugha zilizosalimika upande wa kushoto ziliitika kwa unyonge, baada ya wiki mbili hivi upande wa kulia ukaitika kwa nguvu, na kufikia takribani mwaka mmoja, kazi ilikuwa imerejea zaidi kushoto.

Hao walipimwa kwa Kijerumani. Mwingereza mwenye afasia akidondosha viambishi, mara nyingi neno hubaki. Lakini ukiviondoa katika "nitakuletea", neno linalobeba mtenda, wakati na mtendewa, unabaki na "let", ambalo si neno. Tena wagonjwa wetu wengi wana lugha mbili au zaidi, na tangu karne ya 19 wataalamu wanabishana ipi hutangulia kurudi.

Mheshimiwa, mashine ya MRI ipo katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Ninaomba zitengwe saa chache kila wiki kwa utafiti wa aina hii, mgonjwa apigwe picha mara tatu katika mwaka wa kwanza bila kulipa, na apimwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama. Picha peke yake haiponyi, kwa hiyo wataalamu wa tiba ya usemi waajiriwe sambamba.

Baba sasa anasema sentensi fupi. Nilipomsomea barua hii alijibu, "Nitakwenda."

Wako katika ujenzi wa taifa,
Binti wa mwalimu, Lushoto