Anayelima ili ale asianze na tikiti

Mhariri,

Kurasa za kilimo siku hizi zimejaa tikiti maji, matango na pilipili hoho. Kwa anayelima auze, sawa. Anayelima ili nyumba isinunue chakula anapotezwa njia. Kilo ya tikiti ina kalori 300 hivi. Kilo ya muhogo mbichi uliomenywa ina 1,600, na ya mahindi makavu 3,600.

Watu watano, tukikadiria kalori 2,100 kwa kila mmoja kwa siku, wanahitaji karibu milioni 3.8 kwa mwaka. Ekari ya mahindi ikitoa magunia sita ya kilo mia (bila mbolea wengi hawafiki hapo) ni milioni 2.2. Ekari ya muhogo, kwa nafasi ya mita moja kwa moja, inabeba mashina 4,000. Shina likitoa kilo moja tu, ukatoa maganda ambayo ni kama sehemu ya tano, zinabaki kalori milioni 5. Tena mvua ikikata mahindi yakiwa kwenye mbelewele, msimu umekwenda. Muhogo hupukutisha majani ukasubiri. Ubaya wake ni muda: miezi tisa hadi kumi na miwili, kwa hiyo robo ekari ya mahindi au viazi vitamu bado inahitajika kuvusha nyumba.

Wengi huharibikiwa kwenye mbegu, yaani vipande vya shina vinavyopandwa, kwa kuchukua vyenye ugonjwa. Ugonjwa wa batobato unaonekana kwenye majani yaliyojikunja. Ule wa michirizi ya kahawia hujificha: shina laweza kuonekana zima, kumbe mzizi una mabaka makavu ya kahawia ndani. Basi kabla ya kuchukua mbegu kwa jirani, chimbeni na kupasua mihogo ya shina lenyewe. Aina iitwayo Kiroba inavumilia ugonjwa huo wa michirizi kuliko mbegu nyingi za zamani. Kata pingili za sentimita 20 hadi 30 zenye macho matano au zaidi, kutoka sehemu iliyokomaa. Ncha changa hukauka kabla ya kushika.

Kasoro kubwa ya muhogo ni protini, kama asilimia moja tu. Panda kunde kati ya mistari. Zitavunwa kabla muhogo haujafunga kivuli. Mbaazi nazo zikae mpakani, maana ni ndefu na hukaa shambani muda mrefu.

Hili la protini si la kupuuza, hasa panapoliwa muhogo mchungu. Sumu yake isipotolewa vizuri, na mlo ukakosa kunde au samaki, huleta konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiopona. Tarime iliupata mwaka 1985. Huja wakati wa njaa kwa sababu watu hufupisha siku za kuvundika. Kumenya na kuanika juani pekee hakutoshi kwa mbegu chungu.

Kwa unga wa muhogo ambao tayari umesagwa ipo njia rahisi ya kupunguza sumu iliyobaki. Weka unga kwenye beseni, usawazishe, tia alama ndani ulipofika. Ongeza maji kidogo kidogo ukikoroga: unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha. Utandaze juu ya mkeka, unene usizidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini, hewa yenye sumu itoke. Songa ugali siku hiyohiyo, maana unga huo uliolowa haukai.

Muhogo uliochimbwa huharibika ndani ya siku mbili tatu, hivyo ghala lake ni ardhi: chimba wa kula, mwingine uache. Lakini ukipita mwaka na nusu hujaa nyuzi. Na kisamvu chumeni kwa kiasi, shina hili leo, lile kesho. Shina linalonyonyolewa kila wiki hutoa mizizi kama vidole.

Bwana shamba,
Muheza, Tanga